Mkwe Wangu wa Mpira na Majina Yaliyonitoka

Nawasalimu nyote, wa kanisani na wa sokoni, na wewe pia ambaye hatujaonana. Mimi naitwa Monica Wambui. Shuleni niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimeandika kama mtu anayeongea, ni kwa sababu naongea. Nataka kuwaambia vile akili yangu iliondoka na vile ilirudi. Kama nyumbani kwako kuna mtu ameanza kupotea huku mnamwona, usikate tamaa, soma mpaka mwisho.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwanamke wa nguvu. Mume wangu Mwangi alikuwa ameshakufa, na mama yangu pia. Nilikaa Kiuu, nyumba ya mabati, na nilikuwa na meza ya mboga soko la Githurai. Sukuma, vitunguu, nyanya, na ndizi wakati wa ndizi. Kitu watu walinijua nacho ni majina. Ukinunua kwangu mara moja ukaniambia jina lako, ukirudi mwaka mwingine nakuita nalo, na nakuuliza habari ya mama yako kwa jina lake. Mama Shiru, jirani yangu wa meza, alikuwa akinitania, "Wambui, Mungu akipoteza kile kitabu cha uzima atakuja hapa akuulize."

Na kwetu Wakikuyu jina haliokotwi. Mtoto hupewa jina la mtu wa nyumbani, kwa utaratibu unaojulikana. Binti yangu Nyokabi ana jina la mama yangu mzazi, kwa hivyo tangu azaliwe nilikuwa namwita "maitu", yaani mama. Mtoto wake wa kiume ni Mwangi, jina la marehemu mume wangu. Huyo nilimwita "mzee wangu", nikimwuliza mbona hajaninunulia leso, na yeye bado ananyonya kidole. Watu wanacheka. Huo ni utani wa kila boma huku kwetu. Liwekeni hilo akilini, kwa maana karibu liniue.

Mtoto wangu wa kwanza ni Kamau. Alienda kusomea mitambo Ukraini, mji wa Kharkov, wakati nchi hizo zote zilikuwa moja. Aliporudi nchi ilikuwa imeshavunjika na yeye alikuwa ameshaoa. Alishuka na msichana mrefu, nywele za rangi ya mahindi makavu, jina lake Larisa. Sisi huku tukasema Rarisa, na yeye akaitika.

Larisa alikuwa mchezaji wa mpira. Si wa kutupa kwa mikono, huu wa miguu, wa wanaume. Mimi nilidhani Kamau ananitania. Kumbe huko kwao alianza akiwa msichana mdogo, akachezea timu ya kiwanda, akilipwa. Alicheza katikati, mahali wanaita kiungo. Nchi ilipovunjika kiwanda kikanyamaza na timu ikanyamaza. Ndipo akamfuata mume wake. Kamau alipata kazi Thika, ingawa walikaa kwangu Kiuu, na huko Thika Larisa akakuta wasichana wa kiwanda cha mananasi wanacheza jioni kwenye uwanja wa vumbi. Alivua viatu vya kutembelea, akaingia. Hawakumtoa tena. Timu yenyewe iliitwa Mananasi, na kapteni wake alikuwa Waithira, msichana mfupi mwenye sauti ya karani wa soko.

Kiswahili Larisa alifundishwa na hao wasichana. Siku moja aliingia jikoni kwangu akanisalimia, "Sasa, mathe." Kamau akaangalia chini kwa aibu, maana hayo ni maneno ya vijana wa mtaani, si ya kumsalimia mama mkwe. Mimi nilicheka mpaka nikaketi.

Watu wa Kiuu walimshangaa. Asubuhi anakimbia kando ya reli na kaptura, na wazee wanauliza ni nani anamfukuza mke wa Kamau. Lakini kilichosemwa zaidi ni kidonge. Kila siku kabla ya chai alimeza kidonge kidogo cheupe. Na shingoni alifunga kitambaa, hata jua likichoma. Kitambaa sikukijua maana. Kidonge nilijua. Mama Shiru alijua, kina mama wote wa kanisa walijua. Mtu anayetaka kucheza mpira hataki mimba, basi anameza cha kuzuia. Sikumwuliza. Mkwe haulizwi neno kama hilo. Lakini kwa desturi binti wake wa kwanza angeitwa Wambui, jina langu, na mimi nilikuwa namngoja huyo Wambui.

Sasa nikaanza kuugua, lakini sikujua. Baridi ndiyo ilikuja kwanza. Mwezi wa kwanza, Githurai kuna jua la kukausha dagaa wa omena, na mimi nimevaa sweta mbili na leso juu. Ngozi ikakauka kama ya gunia. Nywele zikabaki kwa kitana, halafu nyusi nazo zikaisha huku mwisho. Choo kikawa kigumu, naenda baada ya siku nyingi na machozi yananitoka. Uso ukavimba. Mama Shiru akaniambia nimenona, wali wa mzungu umenikubali, na mimi nikafurahi. Sauti ikawa nzito kama ya mwanaume. Kwaya wakanihamisha upande wa besi, wakidhani nina homa itapita.

Nilienda zahanati ya karibu. Nikatibiwa malaria. Nikarudi, nikatibiwa taifodi. Nikapewa dawa ya damu. Siwalaumu. Kila mara nilisema kitu kimoja tu, mwili unaniuma, nimechoka. Mambo ya choo na nyusi niliona haya kumwambia kijana aliyenihudumia.

Halafu majina yakaanza kutoka. Hii sijui niwaeleze namna gani. Mteja anakuja, namwona, najua amenunua kwangu miaka, najua anapenda sukuma iliyokatwa nyembamba, lakini pale jina lilipokaa hakuna kitu. Kama kuingia chumba chako ukute kitanda kimetolewa. Nilijifanya. Nikaanza kuwaita wote "mtu wangu". Wakaona ni mapenzi.

Na nyumbani sasa. Hapa ndipo mambo yanachanganyika, kwa sababu mengine nayakumbuka na mengine niliambiwa, na siwezi tena kuyatenga. Nilimwita Nyokabi "maitu". Si ndivyo nilivyomwita siku zote? Lakini ndani yangu nilikuwa namwona mama yangu kweli. Nilimwuliza kama ng'ombe wetu wa Murera, kule nilikozaliwa, amekamuliwa. Ng'ombe huyo alikufa mimi nikiwa msichana. Nyokabi akajibu, "Amekamuliwa, mwanangu, kunywa maziwa ulale," na nyumba nzima ikacheka, kwa sababu aliona tunataniana. Mimi sikucheka. Nilitulia, nikamwamini.

Nilimwambia Mwangi mdogo aende mkutano wa wazee wa ushirika wa kahawa, asichelewe. Wakacheka. Nikamwekea chakula cha mtu mzima, na fimbo ya babu yake kando. Wakacheka zaidi, wakaita majirani waone. Cucu leo ana utani, wakasema. Cucu ni nyanya, yaani bibi.

Larisa peke yake hakucheka. Yeye alikuwa mgeni, hakujua utani wetu, kwa hivyo alisikia maneno jinsi yalivyotoka. Kamau ananiambia alimwuliza wakila, "Kamau, mama anaita dada yako mama. Ni desturi ama ni mgonjwa?"

"Ni desturi," Kamau akamwambia, akamweleza habari ya majina.

Baada ya siku kadhaa akauliza tena. Kamau akasema ni desturi. Mara ya tatu Kamau akakasirika kidogo, akamwambia ataizoea. Larisa hakumwuliza tena. Lakini nakumbuka alikuwa ananitazama usoni na shingoni, nami nilimwogopa, kwa sababu sikuwa najua tena huyu mwanamke mweupe ni nani nyumbani kwangu.

Siku moja nilitoka sokoni sikurudi. Nilienda Murera kwa miguu. Walinikuta jioni nimeketi katikati ya miti ya kahawa ya watu, nimefunga leso kiunoni, nachuma kahawa mbichi naweka ndani ya sweta. Mwenye shamba, Mzee Kimani, alikuwa ananijua tangu tukiwa watoto. Alisema nilimsalimia kana kwamba yeye ni babu yake. Yeye naye ana jina la babu yake, kwa hivyo hata hilo hakulistaajabia. Unaona vile desturi ilinifunika? Kila jina nililokosea, kulikuwa na mtu wa kuitika. Nyumbani nako wakasema nimekumbuka tu kwetu.

Mwezi wa saba baridi ya Ruiru ikashuka, ile ya ukungu. Jumapili asubuhi Nyokabi alikuja kuniamsha sikuamka. Nilikuwa napumua, lakini pumzi moja iko mbali na nyingine. Alinishika mguu akasema ni kama mguu wa kuku aliyetolewa mtoni. Wakaomba gari la jirani wetu Gitau, pikapu aliyobebea majani ya ng'ombe, wakanilaza juu ya majani, tukaenda Thika, hospitali kubwa. Larisa alipanda nyuma na mimi akiwa na begi la viatu vya mpira. Mananasi walikuwa na fainali siku hiyo hapo hapo Thika, na alikuwa amesikia kwamba kuna mtu wa timu ya nje atakuja kuwatazama.

Wakaambiwa wangoje. Kamau akamwambia aende, wasichana wanamngoja na hapa hakuna kitu atafanya. Akaenda, akacheza. Waithira aliniambia baadaye, "Cucu, siku hiyo kiungo wetu hakuwa na kichwa. Alikuwa anawapa wale wengine mpira kama ni wa harambee." Walifungwa. Yule mtu wa nje alitazama, akaenda zake.

Larisa akarudi hospitali na soksi za mpira, magoti yana vumbi. Daktari alikuwa msichana mdogo, Daktari Achieng'. Alikuwa ananigonga goti na nyundo ndogo. Nyokabi aliona: mguu unaruka, halafu unarudi polepole, kama mlango wenye kutu. Daktari akagonga tena, akauliza nimechanganyikiwa tangu lini.

"Hajachanganyikiwa," Kamau akasema. "Alikuwa tu anatuita vile desturi yetu inasema."

"Hapana," Larisa akasema. "Mimi nimeuliza. Ni desturi ama ni mgonjwa? Wote wanacheka."

Akafungua kitambaa shingoni. Chini ya koo palikuwa na kovu, limelala kama mkufu. Kamau alilijua. Nyokabi hakuwahi kuliona. Daktari alilitazama, akamwuliza anatumia dawa gani, na Larisa akatoa kile kidonge ndani ya begi la viatu.

Basi ikajulikana. Akiwa msichana, kiwanda cha umeme kililipuka kwao na hewa ikaharibika. Haya mambo mimi mpaka leo sijayaelewa, hewa inaharibikaje na bado inaonekana safi. Baadaye shingo ikaota uvimbe, na madaktari wakatoa tezi iliyo hapo, ile inayowasha mwili kama jiko. Sasa bila kidonge jiko linazimika. Aliwaambia kwamba mwanzoni, kabla dawa haijapatana naye, alisikia baridi, akavimba, akalala kila mahali. Alirudi uwanjani mapema, akapewa mpira katikati, na akasimama nao. Hakujua lango lake ni lipi. Watu wanampigia kelele kwa lugha yake mwenyewe na haelewi. Kocha alidhani amekunywa pombe, akamweka nje miezi mingi. "Kiungo akipoteza lango," akasema, "anafanya nini hapo katikati?" Kisha akamwonyesha daktari uso wangu. "Huyu mama amesimama na mpira. Hajui lango."

Daktari Achieng' akasema goti lilikuwa limeshamfikirisha hilo hilo. Alinishika shingo, akatoa damu ipelekwe Nairobi, lakini dawa hakungoja majibu. Alianza usiku huo, kidogo kidogo. Alisema ukiwasha moto mkubwa ghafla kwa jiko lililopoa hivyo, moyo unapasuka. Nilifunikwa blanketi juu ya blanketi. Nyokabi alikuwa analia kwenye baraza. Alikuwa anasema, "Nilimjibu. Kila akiniita mama nilimjibu."

Majibu yaliporudi yalikuwa hayo hayo. Tezi yangu ilikuwa imekufa, hivyo tu, bila kulipuka kitu.

Kurudi si kama kuamka. Watu wanadhani siku moja unafungua macho unauliza chai. Majina yalirudi moja moja, na hayakufuata foleni. La kwanza lilikuwa la yule ng'ombe wa Murera. Karembo. Nikalisema kwa sauti wodini na mgonjwa wa kando akaniambia asante, akidhani namsifu urembo. Halafu Mama Shiru. Halafu Nyokabi, lakini nikiliita namwona nani? Mama au binti? Nilimshika mkono nikatazama vidole, kwa sababu mama yangu alikuwa na kidole kilichokatwa na panga. Vidole vilikuwa vizima. Hapo nikajua huyu ni binti, na nikajua mama hayuko.

Na Mwangi. Nilimwuliza Kamau mbona baba yake haji kuniona. Kamau akainamisha kichwa. Safari hii Mwangi mdogo hangeweza kuitika badala yake. Nikamtazama vile ameinama, na matanga yote yakanijia, jeneza, nyimbo, mvua ya siku ile. Nililia upya kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Nesi akaja kuuliza naumwa wapi. Niliwalilia mama na mume kwa mara ya pili kwenye kitanda cha serikali. Nawaambia ukweli, wakati mwingine nilitamani nirudi kule kwenye ukungu, ambako wote walikuwa hai na ng'ombe amekamuliwa.

Nikatoka hospitali. Uso ukapungua, choo kikalainika, sauti ikarudi kwa wanawake. Lakini jina moja halikurudi. La mkwe wangu. Nilijua ni mke wa Kamau, nilijua wema wake, lakini lilikuwa jina jipya, halikuwa limeota mizizi. Nilimwita "wa mpira". Asubuhi alinipa kidonge changu akameza chake, tunakaa tunangoja nusu saa ndipo chai, kama tulivyoambiwa, na mimi namtazama namtafutia jina, naona aibu kumwuliza. Yeye hakunisaidia. Nadhani alitaka nilipate mwenyewe. Na niliogopa. Niliogopa kwamba mimi niliyekuwa Wambui wa majina nimebaki Wambui wa "mtu wangu".

Siku moja Nyokabi alinipeleka Thika kuwaona Mananasi. Nikaketi kwenye nyasi na leso yangu. Nikawaona wasichana nikaanza kuwataja polepole: huyo Waithira, golini ni Akinyi, yule wa mbio ni Mwende, yule wa kugombana na refa ni Wangeci. Yanakuja. Na katikati yuko yeye, anapokea, anageuka, anagawa, kama mama anayepakulia nyumba kubwa. Ndipo nikaona msichana wa ile timu nyingine anamjia kwa nyuma na miguu yote miwili.

"Rarisa, nyuma yako!"

Sikuwa nimefikiria. Lilitoka tu. Naye badala ya kuangalia nyuma akaniangalia mimi, amesimama kabisa, mikono kichwani, na mpira ukachukuliwa. Kocha alimtukana vibaya. Waithira alikuwa anauliza, "Cucu, uko timu gani?" Nyokabi alikuwa amejifunika uso na leso yangu.

Mkwe wangu alicheza Mananasi miaka kadhaa, akaenda kucheza msimu mmoja nchi nyingine, akarudi, goti likamkataa, akawa kocha wa wasichana hapa Ruiru. Na mimba alibeba alipotaka, na kidonge chake akimeza kila siku, kwa maana hakikuwa kile tulichosema. Mtoto ni Wambui.

Namshukuru Mungu, na Daktari Achieng' popote alipo, na Gitau kwa majani yake. Wale walioniambia kanisani kwamba nimeombewa niache dawa, niliwaambia Mungu ndiye aliyemleta mkwe kutoka Ukraini na kidonge ndani ya begi, sitamrudishia. Na wewe unayesoma, kama mama yako anasikia baridi juani, kama amenona bila kula, kama nyusi zinaisha, mpeleke akashikwe shingo na atolewe damu. Usione haya kutaja choo. Na mzee akikuita kwa jina la marehemu, cheka, lakini ukimaliza kucheka mwulize anadhani leo ni siku gani.

Wambui sasa ni mwanamke. Asubuhi bado mimi na Larisa tunakaa jikoni na vidonge vyetu, tunangoja chai. Wambui akipita, mama yake humwita kwa desturi, "Mama, sufuria liko wapi?" Nami humwita jina langu. Lakini kuna siku nasahau nikamwita Nyokabi, kama wazee wote wanavyochanganya. Hapo Larisa huweka kikombe chini, hutazama uso wangu, kisha shingo.

"Mama," huniuliza, "ni desturi ama ni ugonjwa?"

Nami humjibu, "Ni uzee, Rarisa. Mimina chai."